Sifuri ya Kweli

Kabla jua halijagusa mabati ya mtaa wa Kangemi, Nairobi, Mama Nyawira huwa amekwisha kujifunga kitambaa kichwani na kutia funguo za jikoni kwenye mfuko wa aproni. Yeye ndiye mpishi wa shule. Uji wa asubuhi na githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, hupita mikononi mwake kabla ya kupita kinywani mwa mtoto yeyote. Nyawira, bintiye aliye Gredi ya Saba, hutoka naye kila siku. Hupita kando ya soko wakati sukuma wiki inashushwa, huvuka daraja la waendao kwa miguu juu ya barabara kuu ya Waiyaki Way, na kufika shuleni bawabu akiwa bado anapuliza chai yake.

Jikoni, mambo yao yana utaratibu. Nyawira hufagia. Mama hupanga sufuria juu ya meko mawili makubwa, kisha hupiga kiberiti, na moto wa buluu huruka na kutulia. Mtungi wa gesi hukaa nje, nyuma ya ukuta, ndani ya kizimba cha vyuma. Koki yake huwa wazi mchana na usiku, kwa sababu kufuli ya kizimba ilikwisha kushika kutu, na hakuna aliyeona haja ya kuhangaika nayo ila siku ya kubadilisha mtungi.

Tangu muhula uanze, ukuta wa jikoni ulikuwa na mgeni: kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, kilichounganishwa na bomba kwa mipira miwili ya gesi, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Ndani yake mlikuwa na kihisi kisichozidi punje ya mahindi. Chama cha Sayansi kilikipata kutoka kwa Dada Gurleen, fundi wa vifaa vya kupimia mwenye karakana Luthuli Avenue, katikati ya jiji. Alikuja mwenyewe Kangemi pamoja na fundi wa gesi kukiunganisha, kwa maana bomba la gesi si la kuchezewa na mtoto, wala na mwalimu.

"Kinapimaje kitu kisichoonekana?" Nyawira alimwuliza siku hiyo.

Dada Gurleen alichuchumaa karibu naye. "Fikiria watu wawili wanaota moto, huyu upande huu, yule upande ule. Hewa ikitulia, wote wanapata joto sawa, sivyo? Upepo ukivuma, mmoja anapata joto zaidi, mwingine anapata baridi. Hata ukiwafunga macho, watakuambia upepo unaelekea wapi. Sasa, humu ndani kuna joto kidogo sana, haliwezi kuwasha kitu, na vipimajoto viwili vinaliota kila upande. Gesi ikipita, hata iwe hafifu kuliko pumzi ya mtoto aliyelala, inasukuma lile joto mbele. Ile tofauti ndiyo namba unayoiona kwenye skrini."

Tangu hapo Nyawira alikilinda kifaa hicho kwa wivu. Dada Gurleen alikuwa amekilaza juu ya rafu. Nyawira, akitaka kila anayeingia asome namba bila kuinama, alikisimamisha na kukitundika msumarini. Kilipendeza hapo, kama saa ya ukutani.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mashindano ya sayansi mjini, chama kizima kilikusanyika jikoni kwa mazoezi. Meko yote yalikuwa yamezimwa. Mama Nyawira alikuwa nje akisugua sufuria. Lenox, msemaji wa kikundi, alijikohoza, akavuta kola ya shati na kuanza kwa madoido.

"Waheshimiwa majaji! Meko yakizimwa, gesi hulala, nacho kifaa chetu husema sifuri!"

Akanyoosha mkono kwenye skrini. Skrini ilisema tisa.

"Waheshimiwa majaji," mwanachama mmoja akaitikia kutoka nyuma, "gesi ya Kangemi haina usingizi!"

Jikoni kulivuma kicheko. Mwalimu Nzau, mlezi wa chama, hakucheka. Alisogea, akagonga kisanduku kwa kidole, akakunja uso. "Kimepotoka. Nyawira, bonyeza kitufe cha sifuri."

Kitufe hicho kilikuwa pembeni, chekundu. Ukikibonyeza, kifaa huchukua hali ya wakati huo, iwayo yote, na kuanzia hapo kuiita sifuri.

"Sibonyezi, Mwalimu."

Kicheko kilikatika. Katika shule ile watoto walizoea kusema "nimesahau" au "sijui", lakini "sibonyezi" lilikuwa neno jipya.

"Unasemaje?"

"Labda kuna gesi inayotoka mahali. Nikibonyeza sasa, kifaa kitaizoea. Kitasema hakuna kitu na kumbe kipo."

Mwalimu Nzau alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuketishwa nyuma. "Sikiliza. Kesho tutakuwa ukumbi mmoja na watoto wa Kitisuru, mtaa wa matajiri. Wale wana maabara. Mwaka jana mmoja wao alituuliza kama Kangemi kuna stima. Leo unataka tupeleke kifaa kisichojua hata sifuri? Watatucheka!"

"Wacheke, Mwalimu."

"Si ubonyeze tu, bana!" Lenox alidakia. "Kwani kidole chako ni cha malkia?"

"Kidole ni changu," Nyawira akamgeukia. "Na anayepiga kiberiti hapa kila asubuhi ni mama yangu. Wako atakuwa nyumbani amelala."

Mama Nyawira alikuwa amefika mlangoni, mikono yake ikidondosha povu. Alisikia yote, na uso wake haukufurahi. "Gesi gani inayotoka? Juzi nimepaka sabuni kwenye kichwa cha mtungi, hakuna povu lililovimba. Nyawira, mbona unaniaibisha kazini?"

"Lakini Mama, asubuhi tukifungua huwa kunanuka."

"Jiko la gesi lazima linuke gesi kidogo! Duka la samaki likinuka samaki, watu hukimbia?"

Wenzake wakaangua kicheko tena. Katikati ya kicheko hicho, Lenox alinyoosha mkono na kubonyeza. Tisa ikafutika. Sifuri ikakaa pale, mviringo na safi, kama haikuwahi kutokea namba nyingine duniani.

"Umeona?" akasema Lenox. "Sasa kimepona."

"Hakijapona. Umekiziba mdomo."

"Basi!" Mwalimu Nzau akakata maneno. "Kesho kifaa atashika Lenox. Wewe, Nyawira, ni mkaidi. Baki nyumbani ukajifunze adabu."

Machozi yalimjaa, lakini hakuyaruhusu yatoke mbele ya Lenox. Alisubiri wote waondoke, akamfuata mama yake kwenye bomba la maji.

"Mama, niruhusu niende mjini kwa Dada Gurleen."

Mama alisuuza sufuria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nenda. Akisema kifaa ni kibovu, utarudi uombe msamaha mbele ya wote."

"Na akisema si kibovu?"

 Mama alimpa nauli.

Luthuli Avenue ilikuwa inapiga kelele kama kawaida yake, kila duka likishindana na jirani kwa spika kubwa zaidi. Juu, ghorofani, karakana ya Dada Gurleen ilikuwa tulivu. Yeye alikuwa ameinamia kifaa kilichopasuliwa, miwani ya kukuza ikiwa kwenye paji la uso.

"Sasa, Nyawira! Mbona umevimba hivyo?"

Nyawira alimwaga yote: tisa, kitufe, samaki, malkia. Dada Gurleen alicheka kidogo aliposikia habari ya malkia, kisha akauliza swali moja.

"Kifaa kimelala, au kimesimama?"

"Kimesimama. Nilikitundika ili watu..." Sauti ilimwishia njiani. Alimwona Dada Gurleen akiweka bisibisi chini.

"Joto huenda wapi likiachwa lenyewe?"

"Hupanda juu."

"Basi ukikisimamisha, lile joto lake linapanda lenyewe, hata gesi ikiwa imetulia. Kipimajoto cha juu kinapata moto, na kifaa kinadhani kuna kitu kinachopita."

Nyawira alihisi masikio yakimwaka. Ubishi wote ule, mbele ya watu wote wale, na msumari aliupiga yeye. "Kwa hivyo Lenox alikuwa sahihi? Tisa ni kosa langu?"

"Pengine yote tisa ni kosa lako. Pengine si yote. Mimi niko hapa Luthuli, siwezi kujua, na wewe ukiwa hapa hujui pia. Unataka kujua, au unataka kushinda?"

Nyawira alifikiri. Alitaka vyote viwili, lakini aliona uso wa mama yake ukiinamia meko, kijiti cha kiberiti mkononi. "Nataka kujua."

"Kilaze. Funga mtungi, usubiri mpaka bomba litulie. Hapo hakuna gesi inayoweza kwenda popote, na hapo tu ndipo kile kitufe kina haki ya kubonyezwa. Kisha fungua mtungi, meko yakiwa yamezimwa. Kikibaki sifuri, omba msamaha, tena kwa sauti. Kikipanda, asiwashe mtu chochote, hata taa. Milango iwe wazi tangu mwanzo. Kesho asubuhi nitakuja na fundi wa gesi. Mwambie mama yako asiwashe moto kabla ya hayo yote."

Nyumbani, Nyawira alimweleza mama yake kila kitu, na habari ya msumari hakuificha. Mama alisikiliza akichambua maharagwe. Mwisho alisema neno moja tu: "Tutaona."

Jumamosi asubuhi Mama alihitajika shuleni kupika chai ya wasafiri. Nyawira alitembea naye. Walipofungua mlango wa jikoni, harufu ile ya kila siku ilitoka polepole na kupita miguuni mwao. Nyawira alifungua madirisha yote, akaegemeza mlango kwa jiwe, kisha akasimama katikati ya mlango huo na kutanua mikono.

Mwalimu Nzau na Lenox walikuja kuchukua kifaa. Mwalimu alikuwa amevaa tai.

"Nilikuambia ubaki nyumbani."

"Nimemsindikiza mama, Mwalimu."

"Haya, tupishe. Mama Nyawira awashe moto wa chai, kisha tufungue kifaa. Gari linakuja."

"Sipishi."

"Wewe msichana..."

"Nipe adhabu yoyote, Mwalimu, Jumatatu nitaifanya bila kunung'unika. Nitafyeka uwanja mzima. Lakini leo hapa hapapigwi kiberiti mpaka mtungi ufungwe na kifaa kipimwe upya."  Hakushusha mikono.

"Huyu amepandwa na kichaa," Lenox akanong'ona, lakini si kwa raha kama jana.

Mwalimu alimtazama mama mtu, akingoja amwondoe mwanawe. Mama Nyawira aliangalia kisanduku cha kiberiti alichoshika. Alikigeuza mkononi, upande huu, upande ule.

"Mwalimu," akasema, "wewe utapanda gari uende. Mkono utakaowasha ni huu wangu. Tufunge mtungi kwanza."

Kufuli ya kizimba iligoma. Mama aliipiga kwa mwiko wa chuma mpaka kutu ikadondoka na ufunguo ukazunguka. Alifunga koki kwa mikono miwili. Ndani, Nyawira alikiondoa kisanduku msumarini na kukilaza juu ya rafu.

"Kwanza niseme kitu," akawageukia. "Mimi ndiye niliyekisimamisha. Dada Gurleen aliniambia kikisimama joto lake hupanda na kukidanganya. Kosa hilo ni langu."

"Si nilisema!" Lenox aliruka. "Si nilisema ni kifaa!"

"Bado hujajua ulichosema. Ngoja."

Walingoja. Bomba likatulia. Nyawira aliweka kidole kwenye kitufe chekundu, kile kile alichokikataa jana, akakibonyeza. Sifuri.

"Mama, fungua!"

Nje koki ililia. Watatu waliinamia skrini. Sifuri. Bado sifuri. Lenox alianza kutabasamu. "Haya, omba msamaha sasa. Tena kwa..."

Moja.

Mbili. Namba ilipanda taratibu, bila papara, kama mtu anayepanda ngazi akijua anakokwenda. Tatu. Nne. Pale ikasimama, na haikurudi.

"Nne si tisa," akasema Lenox, sauti yake ikiwa nyembamba.

"Nne si sifuri," akasema Nyawira.

Mwalimu Nzau alilegeza tai. "Mama Nyawira, leta maji ya sabuni."

Walipaka kila kiungo cha bomba na hapakuvimba kitu. Ndipo Mama alipokumbuka. Alishika magunia ya maharagwe yaliyokuwa pembeni, akayaburuta moja baada ya jingine. Nyuma yake, karibu na sakafu, kulikuwa na kipande cha bomba la jiko la tatu, lile lililoondolewa mwaka uliopita. Fundi fulani wa haraka aliliziba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukaza kwa waya, akasema ni kwa muda tu, atarudi na kizibo. Hakurudi. Magunia yakawekwa mbele, na shule nzima ikasahau.

Mama alipaka povu juu ya mpira ule. Povu likavimba, likavimba kama shavu la mtoto anayepuliza puto, likapasuka, likaanza tena.

 Mama alitoka mbio kufunga koki. Aliporudi aliketi kwenye kizingiti, akanyoosha mkono na kumpa Nyawira kisanduku cha kiberiti.

"Shika. Pua yangu imezoea, haina kazi tena. Kila usiku gesi imekuwa ikilala hapa chini ikiningoja, na mimi nasema samaki."

"Mama, hukujua."

"Wewe pia hukujua. Lakini ulikataa kunyamaza."

Dada Gurleen na fundi wa gesi waliwasili muda si mrefu. Fundi aliutazama ule mpira wa baiskeli, akatikisa kichwa, akaweka kizibo cha chuma, kisha akakifungua kifaa bombani. Chai haikupikwa. Walikula mkate mkavu wakielekea mjini, na Nyawira alikuwa ndani ya gari, kifaa kikiwa mapajani mwake. Hakuna aliyemwuliza nani alimruhusu.

Walifika wamechelewa, wakapewa meza ya mwisho kabisa, karibu na vyoo. Jaji alipopita, Lenox hakutoa hotuba yake. Alimsukuma Nyawira mbele. "Mwulize huyu."

Nyawira alieleza yote: moto mdogo na vipimajoto viwili, namba nne, mpira wa baiskeli, na msumari alioupiga yeye mwenyewe. Msichana mmoja kutoka shule ya Kitisuru, aliyekuwa na kifaa kikubwa cha kung'aa cha kupimia maji ya pampu, alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Maelezo yalipokwisha, alirudi mezani kwake, akamwambia mwenzake, "Hebu tuzime pampu. Sisi hatujawahi kuangalia sifuri yetu." Kombe lilikwenda kwingine. Watoto wa Kangemi walirudi bila kitu mikononi na vichwa vikiwa juu.

Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi la shule, Mwalimu Nzau alimwita Nyawira mbele. Wengi walidhani sasa ndipo atakapofyekeshwa uwanja.

"Ijumaa nilimwita mtoto huyu mkaidi," Mwalimu akasema. "Naliondoa neno hilo. Mkaidi ni yule asiyekubali kupimwa. Nyawira alikataa kudanganya, kisha akaanza kujipima yeye mwenyewe, akapata kosa lake na kulitaja mbele yetu. Mimi niliogopa kuchekwa, nikataka namba nzuri. Namba ile nzuri ingeweza kutuulia mpishi, na ninyi mkiwa kwenye foleni na vikombe vyenu. Watoto wangu, ukiona jambo usilolipenda, usilifute upesi ili upendeze mbele ya wageni. Liulize limetoka wapi. Na kama jibu ni wewe, sema ni wewe. Ukweli wa namna hiyo unahitaji moyo wa ujasiri. Uwe nao."

Lenox ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kesho yake, kabla jua halijagusa mabati, Mama Nyawira alifungua kizimba. Kufuli ilikuwa mpya, na koki ilikuwa imefungwa usiku kucha. Aliifungua, akarudi jikoni, akasimama mbele ya meko.

"Nyawira! Kinasemaje?"

Nyawira aliinama juu ya rafu, mahali kifaa, kilichorudishwa na fundi, kilipolala. Alisubiri, akasubiri tena.

"Sifuri, Mama!"

"Ya kubonyezwa, au ya kweli?"

"Ya kweli!"

Mama akapiga kiberiti.